Kutuma na kupokea pesa kwa simu bila akaunti ya benki: mwongozo wa anayeanza

Kwa miaka sita nilikaa nyuma ya meza ya wakala, na sikumbuki siku iliyopita bila maswali yale yale. "Lazima niwe na benki?" "Nikibadilisha simu, pesa inapotea?" "Mbona nimetumiwa elfu kumi nikakuta elfu tatu?" Wengi waliouliza walikuwa watu wazima wanaojua kuhesabu pesa yao hadi senti ya mwisho, ila hakuna aliyewahi kukaa nao akawaonyesha taratibu. Nyumbani mtoto huchukua simu, anabonyeza haraka haraka, anairudisha: "Tayari." Nimeandika haya ili ubonyeze mwenyewe.

Swali la kwanza lina jibu fupi. Huhitaji benki, maana namba yako ya simu ndiyo akaunti. Pesa haikai ndani ya simu wala ndani ya laini. Imeandikwa kwa jina lako kwenye mitambo ya mtoa huduma, na kiasi kinacholingana nayo kimehifadhiwa benki kwenye akaunti ya dhamana ya wateja wote. Simu ikitumbukia majini, pesa yako iko palepale. M-Pesa ilipofanyiwa majaribio Kenya mwaka 2005, lengo lilikuwa watu warudishe mikopo midogo kwa simu. Watu wenyewe wakaanza kutumiana pesa, na huduma ilipofunguliwa kwa umma Machi 2007, kutumiana ndiko kulikotangazwa.

Huduma ziko nyingi: M-Pesa, Airtel Money, Orange Money, MoMo na nyingine. Menyu zao hazifanani neno kwa neno, lakini hatua ni zilezile.

Andaa haya kwanza

- Laini iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe.
- Kitambulisho halali, chenye jina lilelile lililo kwenye laini.
- Simu yoyote, hata kitochi. Menyu ya nyota na reli (* na #) haihitaji intaneti. Mwenye simu janja anaweza kutumia programu ya huduma, ila aipakue kwenye duka rasmi la programu la simu yake. Asibonyeze kiungo alichotumiwa na mtu.
- Karatasi na kalamu. Utaona kazi yake kwenye hatua ya nne.

Kwenye hilo la jina nakuomba usimame kidogo. Watu wengi wanatumia laini zilizosajiliwa na shemeji, rafiki, au kijana aliyekuwa anauza laini barabarani. Kila kitu kinakwenda vizuri mpaka siku simu inapotea. Hapo huduma itamtaka aliyesajili, kwa sababu kwenye kumbukumbu zao pesa imeandikwa kwa jina lake. Mkiwa mmegombana, au amehama, au amefariki, utahangaika sana. Kama laini yako iko kwa jina la mtu mwingine, toa pesa iliyomo na usajili laini kwa jina lako kabla hujaendelea kusoma.

Hatua kwa hatua

1. Fungua akaunti ya pesa. Kuwa na laini peke yake hakutoshi, kwa sababu huduma ya pesa husajiliwa juu ya laini. Nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao wako au kwa wakala anayesajili. Kujisajili kwa kawaida ni bure, kwa hiyo mtu akikudai "ya fomu", ondoka. Kabla hujatoka mlangoni, piga menyu na uangalie jina lako limeandikwaje. Herufi moja iliyokosewa leo itakuzuia kutoa pesa siku una shida.

2. Weka namba ya siri. Huduma itakupa namba ya kuanzia au itakutaka uchague yako. Usitumie mwaka wako wa kuzaliwa, 1234, tarakimu nne zinazofanana, wala mwisho wa namba yako ya simu, maana hizo ndizo mwizi anazojaribu kwanza. Usiiandike nyuma ya simu, na usiihifadhi kwenye orodha ya majina kama "Siri". Niliona simu nyingi za namna hiyo.

Namba hii hapewi mtu yeyote. Wakala hana haja nayo, na huduma kwa wateja hawaihitaji hata wanapokusaidia. Atakayeiomba kwa sauti au kwa meseji ni mwizi, hata kama anajua jina lako kamili.

3. Weka pesa kwa wakala. Mpe wakala pesa taslimu na namba yako, ataingiza kwenye simu au mashine yake. Simu yako inabaki mkononi mwako, kwa kuwa kuweka pesa hakuhitaji namba yako ya siri. Subiri ujumbe. Ukija, fungua menyu, angalia salio, ndipo usaini daftari na kuondoka. Watu huona aibu kumsubirisha wakala. Usione aibu, ile dakika moja ni haki yako, na wakala mwaminifu anapenda mteja anayehakikisha kwa sababu humwokoa na ugomvi wa kesho.

Kosa la wanaoanza hapa ni kuchanganya salio la vocha na salio la pesa. Vocha ni ya kupigia simu na kununua vifurushi. Ukishainunua, hairudi kuwa pesa taslimu kwa kawaida. Ukifika kwa wakala sema wazi, "Niwekee pesa," usiseme tu, "Niwekee elfu tano."

4. Tuma pesa. Hapa ndipo watu hulia, kwa hiyo tutakwenda polepole.

Kwanza andika kwenye karatasi namba ya mpokeaji na kiasi. Menyu ya nyota na reli ina muda wake, na ukichelewa kutafuta namba inakatika, unaanza upya ukiwa na haraka, na haraka ndiyo inayokosea tarakimu. Namba ikiwa tayari kwenye orodha ya simu yako, chukua hiyohiyo, usiichape upya.

Pili, pigia namba hiyo na umsikie mtu kwa sauti yake. Fanya hivyo hasa kama umetumiwa namba kwa meseji inayosema, "Ile hela itume kwenye namba hii, ile nyingine ina tatizo." Meseji hiyo matapeli huituma kwa maelfu ya watu, wakitegemea kuwa mmoja wao leo ana deni la kodi au ada na atadhani ni anayemdai.

Tatu, hesabu makato. Huduma nyingi hukata mara mbili: wewe unapotuma na mwenzako anapotoa. Makato hupangwa kwa ngazi, kwamba kutoka kiasi fulani hadi kiasi fulani ni makato haya. Tuseme mama anahitaji elfu ishirini kamili mkononi. Tazama kwenye orodha ya makato kutoa elfu ishirini kunakatwa kiasi gani, ongeza juu yake, halafu angalia kama jumla mpya imeingia ngazi ya juu. Ikiwa imeingia, ongeza tena tofauti. Ndiyo maana ya ombi tunalolisikia kila siku, "Tuma na ya kutolea." Kisha hakikisha salio lako linabaki na makato ya kutuma. Wengi huweka kwa wakala elfu ishirini ili watume elfu ishirini, na menyu inawajibu kuwa salio halitoshi.

Sasa piga menyu, chagua kutuma pesa, chagua kama ni mtandao wako au mtandao mwingine, ingiza namba, ingiza kiasi. Huduma nyingi zitakuonyesha jina la mpokeaji kabla hazijakamilisha. Simama hapo. Lisome jina lote, kwa sauti kama unaweza. Ukiona jina usilolijua, ghairi na umpigie mwenzako umuulize laini imesajiliwa kwa jina la nani. Kukosea tarakimu moja katika namba ya simu kwa kawaida hakuleti kosa lolote kwenye menyu, kwa sababu namba hiyo nayo ina mwenyewe, mtu wa kweli ambaye humjui. Jina ndiyo nafasi yako ya mwisho. Ukishaingiza namba ya siri, pesa imeondoka kwa sekunde chache, na kuirudisha kunaweza kuchukua siku.

Kama ni kiasi kikubwa na ni mara ya kwanza kumtumia mtu huyo, tuma kidogo kwanza. Akikuthibitishia kwa simu, tuma kilichobaki. Utalipa makato mara mbili, na mimi naona yanastahili. Huo ujumbe wa uthibitisho usiufute, kwa sababu namba ya muamala iliyomo ndiyo risiti yako.

5. Pokea pesa. Kupokea hakuhitaji ubonyeze chochote. Huingizi namba ya siri, hupigi namba yoyote, hulipii "kufungua" pesa. Anayekuambia uingize namba ya siri ili pesa iingie anataka itoke.

Jioni moja mama mmoja alikuja kwenye meza yangu akihema, kitochi amekishika kwa mikono miwili. "Mwanangu, kuna kijana amenitumia pesa kimakosa, analia, nisaidie kumrudishia upesi." Nikaomba nione. Meseji ilianza na "Umepokea", ikiwa na kiasi, tarehe, mpaka salio jipya. Lakini juu yake, mahali linapokaa jina la huduma, palikuwa na namba ya kawaida ya mtu. Nikamwambia, "Mama, tuangalie salio kwanza." Akapiga menyu mwenyewe, kidole kikitetemeka. Salio lilikuwa lilelile la asubuhi. Tukiwa bado tunaangalia, simu ikaita tena, namba ileile. Hakuipokea. Alikaa kwenye benchi mpaka pumzi ikatulia, kisha akasema, "Ningemtumia ya kwangu."

Hivyo ukipokea ujumbe wa pesa, usiuamini ujumbe, amini salio. Hata jina la mtumaji linaweza kughushiwa. Ukiuza kitu, mzigo hauondoki mpaka umeangalia salio mwenyewe kwa menyu yako, hata mnunuzi akikuonyesha ujumbe kwenye simu yake.

Na kama salio kweli limeongezeka, na mtu anapiga akiomba arudishiwe? Usimtumie wewe. Mwambie awasiliane na huduma kwa wateja, na wewe uwaarifu. Wao wataurudisha muamala wenyewe. Ukimtumia kwa mkono wako, anaweza tena kuomba huduma iurudishe ule wa kwanza, ukapoteza mara mbili. Wakati huo usiitumie pesa hiyo, kwa sababu si yako.

6. Toa pesa taslimu. Kwa huduma nyingine wewe ndiye unayeanza, kwa kuingiza namba ya wakala na kiasi. Kwa nyingine wakala anaanza na wewe unapokea ombi kwenye simu yako la kuthibitisha. Kwa vyovyote, namba ya siri unaingiza wewe, umeifunika skrini. Angalia jina la wakala linalotokea kama ndilo lililoandikwa kwenye kibanda chake. Pesa ihesabu palepale mezani, kabla hujaitia mfukoni.

Kwa kuwa makato yana ngazi, kutoa mara tatu kidogo kidogo mara nyingi ni ghali kuliko kutoa mara moja. Na kama unakwenda kununua kitu, uliza kama duka lina namba ya malipo. Kulipa moja kwa moja kutoka kwenye simu mara nyingi kunakugharimu kidogo kuliko kutoa, au hakukugharimu kabisa. Ila usichague "tuma pesa" kwa namba ya malipo ya duka, ina sehemu yake kwenye menyu.

7. Pokea kutoka nje ya nchi. Ndugu aliye nje anaweza kutumia kampuni kama Western Union, WorldRemit au Remitly, na kwa nchi nyingi pesa huingia moja kwa moja kwenye namba yako ya simu. Mpe mambo mawili kwa maandishi: jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, na namba yako yenye msimbo wa nchi. Sifuri ya mwanzo inaondoka, msimbo unachukua nafasi yake: +254 kwa Kenya, +255 kwa Tanzania, +256 kwa Uganda, +243 kwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Mwambie pia asidanganywe na maneno "makato sifuri". Kampuni hupata faida hata kwenye kiwango cha kubadilisha fedha. Alinganishe kwa swali moja tu: nikitoa kiasi hiki huku, huko kitafika kiasi gani? Nchi za Umoja wa Mataifa zilikubaliana kushusha gharama ya kutuma pesa nyumbani iwe chini ya asilimia 3 ifikapo 2030, na njia nyingi bado ziko juu ya hapo, kwa hiyo dakika tano za kulinganisha zina maana kwa mtu anayetuma kila mwezi.

Akituma kwa njia ya kuchukua taslimu dirishani, atapewa namba ya kufuatilia. Namba hiyo ni yenu wawili tu. Usiitume kwenye kundi la familia.

Mambo yakienda vibaya

*Nimetuma kwa namba isiyo sahihi.* Wasiliana na huduma kwa wateja dakika hiyohiyo, ukiwa na namba ya muamala. Wengi humpigia kwanza aliyepokea. Mimi nashauri huduma kwanza, kwa sababu pesa ikiwa bado imo wanaweza kuizuia, na ikishatolewa wanabaki na kumwomba tu. Asiye mwaminifu ukimpigia unamwamsha.

*Pesa imekatwa lakini mwenzangu hajapata.* Usirudie kutuma. Angalia salio na orodha ya miamala yako ya karibuni. Kama muamala unaonekana bado unashughulikiwa, subiri, hasa ukiwa umetuma mtandao mwingine. Nimeona watu wametuma mara tatu kwa wasiwasi, na zote tatu zikafika.

*Nimetumiwa elfu kumi, imebaki elfu tatu.* Angalia kama una deni. Huduma za kukopa juu ya salio, kama Fuliza ya Kenya au Songesha ya Tanzania, hujilipa zenyewe kutoka pesa inayoingia. Kuna wakati mtoto alikopa kwa simu yako na hakukuambia. Menyu ya mikopo itakuonyesha.

*Namba ya siri imefungwa.* Ukikosea mara kadhaa, kwa kawaida mara tatu, huduma hufunga. Acha kujaribu. Wapigie wenyewe, kwa namba iliyoandikwa kwenye duka lao au kwenye menyu, usitumie uliyopewa na mtu mtandaoni. Watakuuliza maswali ya kitambulisho na kukupa njia ya kuweka mpya.

*Simu imeibiwa.* Azima simu ya mtu na ufunge akaunti ya pesa na laini kabla hujakwenda kokote, hata kabla ya kutoa taarifa polisi. Kisha nenda na kitambulisho kupata laini yenye namba ileile. Salio utalikuta.

*Mtandao umepotea ghafla kwangu peke yangu.* Kama walio karibu nawe wa mtandao huohuo wanapiga simu na wewe huna hata mstari mmoja, zima na uwashe simu. Ikibaki hivyo, tumia simu nyingine kuwauliza huduma kwa wateja kama kuna mtu ameomba laini mpya ya namba yako. Mwizi hufanya hivyo ili meseji na namba za kuthibitisha zimfikie yeye, na anahitaji muda mfupi tu.

*Mwenye laini amefariki na pesa imo.* Familia nyingi huitoa kwa namba ya siri ya marehemu, kisha ndugu mwingine anauliza ilikwenda wapi, na msiba unageuka kesi. Iacheni kama ilivyo. Nendeni kwenye ofisi ya huduma mkiwa na cheti cha kifo, kitambulisho cha marehemu na hati ya msimamizi wa mirathi. Watawaambia kama kuna karatasi nyingine inayotakiwa. Laini msiitupe na simu msiifute, kwa sababu meseji zilizomo zinaonyesha nani anamdai na nani anadaiwa naye.